Stelingi ina plei (ulegevu) na gari inatangatanga barabarani, tairodi endi mpya, dampa mpya, nianzie wapi?

tope_na_vumbi:
Wakuu habari zenu. Naombeni mawazo kabla sijatoa hela kwenye kitu ambacho labda hata sio chenyewe. Nina Land Cruiser 80 ya 1994, niliinunua ikiwa tayari imeinuliwa inchi 2 na imefungwa matairi makubwa ya tope. Injini haina neno, gia hazina neno, kesi ni stelingi. Kwenye lami kuanzia spidi 70 kwenda juu gari haitaki kunyooka, inaenda kushoto kidogo unairudisha, inaenda kulia unairudisha, yaani mikono haipumziki hata dakika, na lori likikupita ndio kabisa unahisi gari inataka kulifuata. Gari ikiwa imesimama nikiuchezesha usukani kuna kama upana wa vidole vitatu ambao matairi hayafanyi chochote. Kingine, nikishakata kona usukani haurudi wenyewe, mpaka niurudishe mimi.

Mpaka sasa nimebadilisha tairodi endi zote nne (jointi za mwisho wa rodi za stelingi) na dampa ya stelingi (shoki inayotuliza mitikisiko ya usukani). Dampa ilisaidia kidogo mwanzoni, sasa hivi sioni tofauti. Haitetemeki, na nikikanyaga breki haivuti upande. Fundi anasema imebaki stelingi boksi tu (boksi la gia za usukani), aidha tununue lingine au aikaze screw iliyopo juu ya boksi. Mimi roho inasita. Mliopitia hili mnasemaje?

spana_17:
Upepo kwanza mkuu. Matairi ya tope yakiwa laini pembeni gari inaogelea hata kama stelingi ni mpya ya dukani. Jaza mbele na nyuma kwa kipimo sahihi yakiwa ya baridi, halafu yabadilishane, ya nyuma yaje mbele, uendeshe barabara ileile. Tabia ya gari ikibadilika ujue tatizo linatembea na matairi. Isipobadilika hujapoteza chochote zaidi ya jasho. Na angalia yote manne ni aina moja na yamelika sawa, nimeona watu wana mawili ya tope mbele na mawili ya barabarani nyuma halafu wanalalamikia boksi.

fundi_mstaafu:
Kabla hujanunua hata washa moja, mtafute mtu mmoja akae kwenye usukani na wewe uingie chini. Gari iwe chini kwenye magurudumu yake, usiipige jeki, kwa sababu uzito ndio unaozionyesha jointi zilizolegea, ukiinua juu zinatulia na zinakudanganya. Handibreki juu, vizuizi kwenye matairi ya nyuma, gia iwe kwenye nyutro, injini inaunguruma ili pawa ifanye kazi. Mwambie aliyepo juu aupeleke usukani kushoto kulia, kushoto kulia, kidogo tu, pale pale penye plei na kupita kidogo, asizungushe mpaka mwisho. Dampa ichomoe upande mmoja kabisa wakati wa zoezi hili, maana kazi yake ni kuficha na wewe sasa hivi unataka kuona.

Halafu uifuate njia ya nguvu kuanzia juu kwenda chini, usiruke. Shafti inayotoka kwenye usukani ina yunivaso jointi, ishike kwa mkono, juu yake ikizunguka na chini ikasubiri basi umeshapata kipande cha kwanza. Ukifika kwenye boksi angalia shafti inayoingia na mkono unaotoka chini (pitimani), kimoja kikienda na kingine kimesimama, plei iko ndani ya boksi au nati ya pitimani imelegea. Na boksi lenyewe, weka kidole pale linapokutana na chasisi, nusu kwenye boksi nusu kwenye chuma cha chasisi. Kidole kinahisi kitu ambacho macho hayaoni. Bolti zikilegea boksi linanyanyuka na kukaa, na kwenye magari yaliyofanya kazi ngumu kwelikweli chasisi yenyewe inapasuka hapo, kwa hiyo futa tope na grisi kwanza ndio uangalie.

Ukitoka hapo, dragi linki (rodi inayotoka kwenye pitimani kwenda kugeuza gurudumu), endi zake mbili, halafu tairodi (rodi inayounganisha magurudumu mawili ya mbele). Endi mpya sio lazima ziwe nzima, nimeshatoa kwenye boksi lake endi inacheza kama jino la mtoto. Kidole tena, nusu kwenye endi nusu kwenye mkono inaposhikia.

Sasa njoo kwenye kitu ambacho wengi wanakipita: panadi rodi. Ni ile bomba nene inayotoka kwenye chasisi upande mmoja inakuja kushika kwenye ekseli upande wa pili. Boksi limefungwa kwenye chasisi, magurudumu yamefungwa kwenye ekseli, na gari hii imekaa kwenye koili, koili haina uwezo wa kuizuia ekseli isiende pembeni, kinachoizuia ni hiyo rodi peke yake. Bushi zake (vikombe vya raba kwenye matundu ya bolti) zikilika, ukikata usukani dragi linki inaisukuma ekseli nzima pembeni kwanza kabla haijaligeuza gurudumu. Na kwenye barabara mbovu kinyume chake kinatokea, ekseli inahama yenyewe na gari inakata kona wewe usukani umeushika umenyooka. Mwenzio anapochezesha, tazama bolti ya panadi pande zote mbili. Ukiona jicho la rodi linatembea na bolti imesimama, au bolti yenyewe inatembea ndani ya tundu, au kuna unga mwekundu wa kutu na chuma kinachong'aa pembeni ya washa, umempata mwizi.

Ukimaliza hayo ndio upige jeki, uweke stendi, tairi moja moja. Shika juu na chini utikise. Ikicheza, mwambie mwenzio akanyage breki akaze, utikise tena. Plei ikipotea ni beringi za gurudumu. Ikibaki vilevile ni beringi za kingipini (pini ambayo gurudumu linageukia). Na ukiona kwenye ile tufe ya nuko (kifundo cha mwisho wa ekseli kinachogeuka na gurudumu) kunatoka oili nyepesi imechanganyika na grisi, ujue sili ya ndani ya ekseli imechoka, grisi imeoshwa, na beringi za kingipini nazo zinakauka taratibu.

Leta majibu hapa. Boksi usiliguse.

kasta_tatu:
Mzee ameeleza vizuri sana sina cha kupinga kwenye plei, ila jamaa ana matatizo mawili na kila mtu anajibu moja. Soma tena alichoandika, "usukani haurudi wenyewe". Plei haifanyi hivyo. Hiyo ni kasta.

Kasta ni ule mlalo wa kingipini ukiitazama gari kwa ubavu, kichwa cha kingipini kimelala nyuma kidogo, kama uma wa mbele wa baiskeli. Huo mlalo ndio unaofanya gurudumu lijinyooshe lenyewe. Kwenye 80 ikiwa kama ilivyotoka kiwandani ni kwenye nyuzi (digrii) 3 hivi, yaani sio nyingi. Ekseli ya mbele imeshikwa na rediasi amu mbili (mikono ya chuma inayotoka kwenye ekseli kwenda kwenye chasisi), ukiiinua gari kwa kubadilisha koili zile amu zinashuka na ekseli nzima inazunguka mbele, inchi 2 zinakula karibu nyuzi 2. Umebakiwa na nyuzi 1. Ukiweka na matairi makubwa ya tope gari haina tena sababu ya kwenda moja kwa moja, itaenda popote barabara itakapoisukuma. Unaweza kubadilisha boksi, endi, panadi, kila kitu, na bado itatangatanga.

Kwa hiyo swali langu kwa mwenye gari, walioiinua waliweka bushi za kasta kwenye rediasi amu au waliweka koili ndefu wakakuachia? Bushi za kasta utazijua, tundu la bolti haliko katikati ya bushi. Kama ni za kawaida, jibu umepata. Na ukipeleka alaimenti (kupima na kunyoosha magurudumu) uwaambie wakupimie kasta pia na wakupe namba kwa maandishi, wengi wakiona ekseli nzima wanapima toini tu (tofauti ya upana kati ya matairi kwa mbele na kwa nyuma) wanakwambia tayari.

fundi_mstaafu:
Kasta nakubali. Ila aondoe plei kwanza. Ukipima kasta na toini kwenye gari ambayo ekseli inahama unapima upepo.

gia_ya_chini:
Samahani naingilia kati. Mimi nina Suzuki Samurai ina springi za majani, dalili ni zilezile, haya ya panadi yananihusu?

fundi_mstaafu:
Hapana, Samurai haina panadi, springi zenyewe ndizo zinazoizuia ekseli isihame. Kwako angalia bushi za springi na za shako (vipande vinavyoshika ncha ya springi kwenye chasisi), yubolti zinazofunga ekseli kwenye springi kama zimelegea, na bolti ya katikati ya springi kama haijakatika, maana ikikatika ekseli inateleza juu ya springi na huwezi kuliona hilo mpaka upime. Land Cruiser 60 ni habari hiyohiyo. Land Rover zile za zamani za Series zina ziada moja, kuna rilei ya stelingi imesimama ndani ya krosimemba (chuma cha kukatisha chasisi) ya mbele, ikikauka usukani unakuwa mgumu na haurudi, ikilika inacheza. Ila mtu asiifungue kwa pupa, ndani kuna springi imebanwa kwa nguvu, ikitoka bila kufungwa inaweza kumpasua mtu uso.

tope_na_vumbi:
Wakuu nimerudi. Tumefanya zoezi, dogo kwenye usukani mimi chini na tochi. Majibu:

Yunivaso ya shafti safi. Boksi limekaa imara halitembei kwenye chasisi, pitimani inachelewa kidogo sana kuifuata shafti lakini ni kidogo mno. Endi zote nne hazichezi. Panadi upande wa ekseli safi, upande wa chasisi ndio balaa, jicho la rodi linaenda na kurudi nadhani milimita nne au tano, na nilipoifungua bolti imeliwa ina kiuno, raba ya bushi imeachana na chuma chake. Yaani nilikuwa naona kwa macho yangu chasisi inaenda kushoto ekseli imebaki pale pale, na dogo juu ananiambia "mbona tairi hazigeuki".

Kwenye jeki tairi la kulia lilicheza kidogo juu na chini, alipokanyaga breki ikapotea. La kushoto halina kitu. Nuko zote kavu kwa nje.

@kasta_tatu bushi za rediasi amu ni za kawaida, tundu liko katikati.

Halafu kuna kitu kingine nimekigundua wakati natafuta. Fundi alipobadilisha tairodi endi hatukwenda alaimenti, alihesabu tu nyuzi (mikato ya skrubu) za endi za zamani akafunga za kwake idadi ileile. Nimepima kwa futi, matairi kwa mbele yameachana zaidi kuliko kwa nyuma kwa milimita 9. Hiyo ni nyingi?

spana_17:
Milimita 9 za kufunguka mbele? Aisee hiyo peke yake inatosha kuifanya gari iwe mlevi. Matairi yakifungukia mbele kila moja linataka kwenda upande wake, yakigombana gari inamfuata mshindi, na mshindi anabadilika kila tairi moja linapopata uzito zaidi. Kuhesabu nyuzi ni kwa ajili ya kukufikisha kwenye alaimenti tu, endi ya kampuni nyingine urefu wake haulingani hata kama inaingia.

Ila umepimaje? Kama ulipima alama tofauti mbele na nyuma rimu iliyopinda kidogo inakudanganya. Piga chaki katikati ya kashata (meno ya tairi) kwa nyuma ya tairi zote mbili, juu kadiri futi inavyopita bila kugusa kitu, pima. Halafu isukume gari kwenda mbele, tairi lizunguke nusu, zile chaki zije mbele kwenye kimo kilekile, pima tena chaki zilezile. Tofauti ndio jibu. Sukuma mbele tu, ukiirudisha nyuma jointi zinalegea upande mwingine na namba inabadilika.

tope_na_vumbi:
Nimerudia hivyo, imekuja 8. Sasa vipi kuhusu boksi? Kile kidogo nilichokiona kwenye pitimani niikaze ile screw au?

nati_na_lokinati:
Nimekuwa nasoma kimya hapa ndio nilikuwa napasubiri. Ile screw imeua maboksi mengi kuliko kuchakaa.

Gia za ndani ya boksi zimetengenezwa zibane zaidi katikati kabisa, pale magurudumu yamenyooka, na kadiri unavyoenda pembeni zinaachia kidogo. Ni makusudi. Sasa mtu anaikaza screw wakati usukani haupo katikati, plei inaisha anafurahi, akinyoosha gari gia zinabana kupita kiasi, usukani unakuwa mzito pale kati na haurudi, gari inatangatanga zaidi kwa sababu kila marekebisho madogo yanakwama. Na zinakula haraka. Kwa hiyo ukikuta boksi limekazwa hivyo jamaa analalamika kasta wakati kasta ni nzima.

Kwanza hakikisha boksi lako liko katikati yake. Chomoa dragi linki kwenye pitimani, injini imezimwa, zungusha usukani taratibu mpaka mwisho wa kushoto, usiugongeshe, halafu hesabu mizunguko mpaka mwisho wa kulia. Rudi nusu yake. Hapo ndipo katikati ya boksi. Sasa nyoosha magurudumu na uone kama dragi linki inaingia kwenye pitimani bila kuvutwa. Kama haiingii, irefushe au ifupishe mpaka iingie. Usishangae ukikuta imehama, gari ikiinuliwa dragi linki inapata mlalo mpya na usukani unakaa upande, na wapo mafundi ambao badala ya kurekebisha linki wanang'oa usukani na kuurudisha umenyooka. Kwa macho safi, ndani boksi linaendeshwa kwenye sehemu yake iliyolegea maisha yake yote.

Ukishaweka katikati pima tena plei. Ikiwa bado ipo ndio ufungue lokinati, ukaze robo ya robo ya mzunguko, ufunge lokinati huku screw umeishikilia isifuate, jaribu kushoto mpaka kulia pawe laini kote. Ukihisi panakwama popote, rudisha. Ikifika mahali inakwama katikati lakini bado ina plei, hilo boksi limechoka ndani, linahitaji kufunguliwa, sio kukazwa.

tope_na_vumbi:
Mrejesho wakuu. Tundu la panadi kwenye breketi ya chasisi lilikuwa limeanza kuwa yai, fundi wa kuchomelea ameweka washa nene pande zote na tundu jipya sahihi, bushi mpya, bolti mpya. Beringi za gurudumu la kulia zimesafishwa zimepakwa grisi upya na kukazwa kwa utaratibu. Boksi kweli halikuwa katikati, nimerefusha dragi linki, ile plei ya pitimani siioni tena na screw sijaigusa. Toini imepimwa na mashine ikawekwa inavyotakiwa.

Gari ni nyingine. Lori linapita nashika usukani kwa mkono mmoja. Plei pale juu imebaki ile ndogo ya kawaida. Ila usukani bado hauna hamu ya kurudi ukitoka kwenye kona, na mashine imeonyesha kasta nyuzi 0.8 kulia na 1.1 kushoto. Kwa hiyo @kasta_tatu ulikuwa sahihi, sasa naagiza bushi. Kuna la kuangalia?

kasta_tatu:
Mambo matatu manne. Agiza za kiwango cha inchi 2, usichukue za inchi 4 ukidhani zaidi ndio nzuri, maana ukiizungusha ekseli kurudisha kasta pua ya difu nayo inaelekea chini na propela shafti ya mbele (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) inapata pembe mbaya, na kama 80 yako ni ile inayoendesha magurudumu yote muda wote mtetemo utausikia mwilini. Bushi zina alama ya upande wa mbele, ukiziingiza kinyume unapunguza kasta badala ya kuongeza, mwambie mtu wa presi kabla hajasukuma. Na mwambie asizipake mafuta ya gari, maji ya sabuni yanatosha, mafuta yanakula raba.

Kabla ya hayo lakini fanya kipimo kimoja, inua mbele, chomoa tairodi na dragi linki kwenye nuko, zungusha kila nuko kwa mkono. Iwe na ubishi kidogo unaolingana njia nzima. Ikiwa ngumu au ina vituo, beringi za kingipini zimeganda au zimekazwa sana, na hizo nazo zinazuia usukani kurudi hata ukiweka kasta ya nyuzi 5. Mizani ya springi ndio kipimo sahihi, mkono unakupa wazo tu.

fundi_mstaafu:
Na bolti za rediasi amu na za panadi, mzikaze mwisho gari ikiwa chini kwenye magurudumu, imekaa kwenye kimo chake. Mkizikaza ekseli inaning'inia, raba ya bushi inafungwa ikiwa tayari imejipinda na itaachana na chuma mapema, ndio hiyo uliyoitoa. Kama fundi alizikaza ikiwa kwenye stendi, zilegezeni, ishusheni, itikiseni mara mbili tatu, mkaze tena.

tope_na_vumbi:
Panadi ilikazwa kwenye stendi. Nailegeza leo leo. Nuko nitazijaribu bushi zikifika maana itabidi nifungue mbele yote hata hivyo.